Maji ya Tumbo la Mama

Mimi nina mdomo, sikatai, na siku ile pale Kitale nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio. "Zimeongezeka! Kuja uone, zimeongezeka!"

Nilikuwa msaidizi wa maabara, miaka ya elfu mbili na kitu. Tulitaka kujua kama maji ya tumbo la mtu, ukishayapunguza asidi, yana kitu cha kufanya seli ziongezeke, maana seli zikiongezeka ndipo kidonda hufunga. Mama yangu alikuwa amekuja kwangu kutoka Bungoma na vidonda vya tumbo, na dawa alikuwa ameziacha. "Tumbo langu limeoza kama la nyanya yako," alisema. "Dawa ni ya kitu kilicho hai." Maneno hayo yalinichoma. Nikamwambia, basi tupe maji yake tuone.

Akakubali mrija upitishwe puani, mwanamke anayekimbia sindano! Tukayapunguza asidi, tukayachuja, tukayadondosha kwenye kisahani cha seli; visahani vingine tukavitilia maji matupu ili tulinganishe. Siku ya tatu nikachungulia darubini, na kisahani cha Mama kilikuwa kimejaa kuliko vyote. Ndiyo nikapiga kelele.

Daktari, mkubwa wangu, hakucheka. "Alikuja bila kula?"

Nikampigia Mama simu.

"Sikula kitu," akasema. "Nilikunywa tu chai."

Chai! Vikombe viwili, maziwa nusu kwa nusu! "Ai, kwani chai ni chakula?" Na kweli, kwetu ukimpa mgeni chai tupu atakwambia hajala. Mimi mtoto wake ndiye niliyepaswa kukumbuka kumwonya. Maziwa yenyewe yanaweza kukuza seli, kwa hivyo daktari akamwaga kila kitu. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilidhani Mama atafunga virago. Wapi! "Rudisheni huo mrija," akasema. Safari hii alikaa asubuhi nzima akimeza mate na kunilaumu. Siku tatu tena. Seli hazikujaa kama zile za chai, lakini zilizishinda waziwazi zile tulizotilia maji matupu. Haki ya Mungu, niliruka! Nikamvuta Mama hadi kwenye darubini. Akafumba jicho moja, akatazama sana.

"Hizi ni maji yangu yamekuza? Bila maziwa?"

"Hata sukari hakuna, Mama."

Akafungua mkoba wake, akatoa zile dawa, bado ziko kwenye karatasi yake.

"Niletee maji nimeze," akasema. "Maji, si chai."