Ushuhuda Uliofunga Duka

Simu ya mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa Sirisia iliingia Jumatatu asubuhi, nikiwa katika kitalu chetu nje kidogo ya Kitale, kwenye barabara ya Endebess, nikikagua miche ya avokado. Baada ya salamu akasema, "Mzee, kumbe mlifunga duka la Bungoma na hamkuniambia?"

"Tufunge? Binti yangu yuko dukani saa hii."

"Sasa mbona simu inasema mlifunga? Wamama walinionyesha jana tukitoka kanisani. Wameuliza hiyo AI mahali pa kununua miche Bungoma. Ikasema lenu lilifungwa mwenyewe alipofariki. Ikawatajia wengine watatu."

Nilimwambia awaeleze ukweli, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amefika dukani mara mbili. Akacheka kicheko kisicho na furaha.

"Mzee, nikisema mko wazi na simu inasema mmefunga, wataniuliza mmenipea nini. Mwenyekiti mwenye alinitangulia alitolewa hivyo hivyo, ati anakula na wauzaji. Mkutano ni Alhamisi. Kama simu haitakuwa imebadilisha maneno, mimi nitanyamaza tu. Wachague mwenye wanataka."

Akakata. Nilibaki nikiitazama miche ile. Tulikuwa tumeiotesha kwa ajili ya kikundi hicho, kwa neno la mdomo tu, kama tulivyozoea kufanya kazi. Mvua ilikuwa imeanza. Mizizi ilikuwa imetoboa vifuko na kuingia ardhini, na mche ukishafika hapo haungoji msimu mwingine. Lakini miche haikuwa jambo kubwa. Duka la Bungoma lilikuwa la binti yangu. Yeye na mumewe walilianzisha pamoja, na mumewe alipofariki lilikaa na kufuli mwaka mzima kabla hajapata nguvu za kulifungua tena. Watoto wake walisoma kwa duka hilo. Msimu huu ukipita bila Sirisia, ilichosema simu kingekuwa kweli.

Kesho yake nilikuwa Bungoma. Binti yangu alikuwa nyuma ya kaunta, kompyuta ndogo mbele yake, na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri.

"Nimeiuliza imetoa wapi hayo maneno," alisema. "Kaa chini, Baba, nikusomee."

Akasoma. "Katika mwaka wa majonzi, Bwana alimwita mkwe wetu, na duka letu la Bungoma likafungwa. Milango ikapigwa kufuli. Tukasema yamekwisha."

Niliyatambua maneno hayo kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Yalikuwa yangu. Yalikuwa ukurasa wa mbele wa tovuti yetu.

Lazima nieleze ilivyokuwa. Katika ushirika wa kanisa tulimolelewa mimi na marehemu wazazi wangu, mtu hasimami mbele ya watu akasema shida yake au biashara yake kabla ya kushuhudia. Iwe ni harusi, iwe ni mkutano wa shule, kwanza unasema Bwana amekutoa wapi. Duka lilipofunguliwa tena nilisimama kanisani nikaahidi kwamba popote biashara yetu itakapotajwa, ushuhuda huo utatangulia. Kwa hiyo fundi wa kompyuta aliponiuliza ukurasa wa mbele uwe na nini, sikufikiri mara mbili. Nilimwandikia kurasa mbili kwa mkono, naye akazinakili zote.

"Malizia," nilimwambia binti yangu. "Mwishoni nimemshukuru Mungu."

"Mwishoni umesema, 'Lakini Mungu ni mwema, naye ametutendea makuu.' Ametutendea nini, Baba? Hakuna mahali umeandika duka lilifunguliwa."

Kanisani sikuhitaji kulisema. Binti yangu alikuwa ameketi safu ya pili, kila mtu akimwona, na nusu yao walikuwa wamenunua miche kwake wiki hiyo.

"Na hapa kwa bidhaa umeandika, 'Tunauza yale Mungu ametujalia.' Mashine itajuaje ni avokado? Inaweza dhani ni mayai. Na mahali: 'Ukifika Bungoma uliza duka la binti ya mzee wa kanisa.' Mashine itauliza nani?"

Sikutaka kujisifu, ndiyo sababu niliandika hivyo. Kumtangazia mtu kwamba una hiki na kile, bei hii na ile, niliona ni kujikweza. Orodha ya miche ilikuwepo, lakini ndani ya picha ya bango, na binti yangu alisema picha hiyo mimi na yeye tunaisoma, ila mashine huenda ikaipita kama ukuta.

"Basi ongeza hayo yanayokosekana," nilisema. "Chini ya ushuhuda."

"Ushuhuda utoke mbele, Baba."

"Hautoki. Niliahidi madhabahuni."

"Baba, Alhamisi ni keshokutwa."

"Ahadi ni ahadi. Mungu aliyelifungua hashindwi kulitetea."

Alifunika kompyuta. Akaweka viganja vyake juu ya kifuniko, akasema kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu siku za matanga.

"Naomba nikuambie kitu, na usikasirike. Hayo majonzi ni yangu. Mtu akitafuta mche wa ndimu, anaanza na kifo cha bwanangu. Kuna mnunuzi alikuja hapa akanipa pole kabla hajanisalimia. Mtu simjui. Miaka yote hii hukuniuliza kama nataka."

Nilitoka nje, nikapita nyuma ya duka penye miche chini ya wavu wa kivuli, nikasimama hapo. Nimefundisha Neno kwa miaka mingi. Nimewaambia vijana wengi kwamba sadaka hutolewa kutoka katika kilicho chako. Nami nilikuwa nimemtolea Mungu huzuni ya mwanangu, nikaiweka mlangoni ambapo kila mpita njia angeikanyaga, na moyoni nikahesabu hiyo kuwa shukrani. Niliomba msamaha kwa Mungu kwanza. Huo ulikuwa rahisi. Kisha nikarudi ndani.

"Utoe," nilimwambia. "Na unisamehe."

Aliinua macho, akanitazama kama anayepima kama nimemaanisha. "Sitatupa yote," alisema. "Nitaupatia ukurasa wake. Lakini umalize vizuri, na jina la bwanangu ulitoe."

Tukaanza kazi, na nakiri kwamba sijawahi kuandika kwa woga kama siku ile. Kila neno lilikuwa linaenda kusomwa na kitu kisichonijua, kisichojua kanisa letu, kisichoweza kutoka nje kutazama kama mlango uko wazi. Sentensi ya kwanza aliiandika yeye: duka liko wazi, liko Bungoma mjini, linauza miche ya matunda iliyopandikizwa. Chini yake siku na saa za kufungua, Jumapili tukipumzika. Kisha jina la barabara na jengo tunalopakana nalo. Akagundua kwamba kwenye ramani tuliitwa jina moja, kwenye tovuti jingine, na kwenye ukurasa wetu wa picha mtandaoni tuliitwa kwa jina la kitalu cha Kitale, hata mashine ikadhani ni watu watatu tofauti. Akayafanya yote kuwa jina moja.

Kisha akasema tuandike maswali ambayo wateja huuliza, na majibu yake. "Mche wa avokado uliopandikizwa unazaa baada ya muda gani? Sema, Baba, vile huwa unasema hapa kaunta."

"Kwa neema ya Mungu, miaka mitatu hivi, ukiutunza."

"Tuseme miaka mitatu hivi ukiutunza."

"Na neema?"

"Neema iko, Baba. Haijaenda mahali."

Nilicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lakini alipoandika kwamba sisi ndio kitalu bora kuliko vyote magharibi ya Kenya, nilimsimamisha. "Nani amevipima?"

"Wenzetu wanaandika hivyo."

"Wacha waandike. Hii mashine tayari imeshawadanganya watu kwa maneno yetu. Tusiipatie mengine."

Akafuta. Mwisho aliweka maelezo nyuma ya ukurasa, mahali mtu haoni ila mashine inaona: aina ya biashara, mahali, saa za kazi. Hilo halikunipendeza. Nilimuuliza kwa nini tufiche.

"Si kuficha. Ni yale yale yaliyo mbele, ila yamepangwa vile mashine imezoea kusoma. Yakitofautiana na ya mbele, hapo ndipo unaweza kuniambia nitubu."

Ilipofika saa kumi na moja jioni alituma ombi kwa mtambo wa kutafuta mtandaoni, ili uje kuusoma ukurasa upya. "Utakuja lini?" niliuliza. Alisema hakuna anayejua. Unaweza kuja baada ya saa chache, unaweza kuja baada ya wiki.

Jumatano asubuhi tuliuliza simu. Duka limefungwa. Saa sita tukauliza tena. Limefungwa. Mteja alikuwa amesimama mbele yetu na miche sita ya pasheni mkononi, na simu kwenye kaunta inasema limefungwa.

"Haijui kusoma?" nilisema.

"Ilisoma zamani, Baba. Haijarudi bado."

Jioni mmoja wa mitambo inayojibu maswali ulibadilika kidogo. Ulisema taarifa zinapingana, kwa hiyo mtu apige simu kuhakikisha. Binti yangu alifurahi. Mimi niliwaza vile akina mama wa Sirisia wangelisikia neno hilo, zinapingana, nikaona ni heri hata lingebaki limefungwa.

Alhamisi tulifika Sirisia kabla ya wakati. Walikutana katika jumba la kanisa. Tuliketishwa karibu na mlango, na mwenyekiti alipopita mbele yetu hakutuangalia. Alifungua kwa maombi, akasoma ajenda, na alipofika kwenye miche alisema tu, "Hili nawaachia. Mimi sina la kusema."

Katibu wao, mwanamke mnene mwenye miwani, akainua simu. "Nauliza hapa mbele ya wote, mtu asiseme tumepanga." Akaiuliza kwa Kiswahili. Simu ikajibu kwa sauti kwamba duka hilo liliwahi kufungwa kwa muda, lakini kulingana na tovuti yake sasa liko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, na linauza miche ya matunda iliyopandikizwa.

Lakini mama mmoja wa nyuma, mrefu, aliyejifunga leso ya kijani kichwani, alisimama. "Yangu bado inasema walifunga. Sikilizeni." Akaifungulia sauti. Ni kweli, ilisema tulifunga.

Jumba likachemka.

"Sasa ni gani inadanganya?"

"Si mwenyewe huyu amekaa hapa?"

"Mwenyewe si atasema chochote! Ulitaka aseme amefunga?"

"Wewe nawe, hata bwanako akiingia kwa nyumba utauliza simu kama amefika."

"Wangu nikimngoja bila simu si nitazeekea kwa mlango, bana!"

Walicheka, lakini mama wa leso ya kijani hakukaa. "Chekeni tu. Msimu uliopita tulinunua kwa mtu anayejulikana na kila mtu hapa, miche ikakauka yote. Mimi siamini mtu. Siamini hata hii simu. Nataka kujua."

Mwenyekiti alitazama chini. Nilitaka kusimama. Nilikuwa na maneno, na katika jumba kama lile najua jinsi ya kuyasema. Lakini binti yangu aliniwekea mkono kwenye goti, akasimama yeye.

"Bwana asifiwe," alisema, wakaitikia. Kila mtu alingoja ushuhuda, nami pia. Hakuutoa.

"Simu ya mama haijadanganya. Nililifunga duka mwaka mzima bwanangu alipofariki. Nikalifungua tena mimi mwenyewe. Simu ile nyingine imesoma mpaka hapo, ya mama haijafika. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa nimefungua. Chagueni wawili waje waone. Mama akubali awe mmoja."

Akaketi. Sikuwahi kumsikia akilisema jambo hilo mbele ya watu, na alikuwa amelisema kwa maneno machache kuliko aya yangu ya kwanza.

Ijumaa saa mbili na robo walifika, katibu na mama wa leso ya kijani. Mvua ya manyunyu ilikuwa inanyesha. Mama yule hakutaka chai. Alikwenda moja kwa moja kwenye miche, akachagua mmoja wa katikati, si wa mbele tuliokuwa tumeupanga vizuri, akachana kifuko na kuangalia mizizi. Akatafuta kovu la mahali pa kupandikizwa, akalisugua kwa kidole gumba. Akachukua mwingine wa mstari wa nyuma, akafanya vivyo hivyo. Nilijizuia nisianze kueleza, jambo lililonigharimu.

"Baadhi ya wamama tayari wameahidi mtu wa Kimilili," alisema hatimaye. "Hao siwezi kuwarudisha. Wengine waliobaki, tutachukua hapa."

Ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya miche tuliyowaoteshea. Nusu nyingine ingebidi tuitafutie watu mmoja mmoja mvua ikiendelea, na mingine tungeipoteza. Lakini duka lingebaki wazi, nami nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, mara hii bila kumwambia mtu yeyote.

Tulidhani amemaliza. Akatoka nje, akasimama kwenye manyunyu ng'ambo ya barabara, akapiga picha ya mlango na bango. Kisha akafungua ramani kwenye simu yake, mahali watu huandika maoni, akamwita binti yangu.

"Niandike nini hapa?"

"Andika chenye umeona."

Akaandika polepole, kwa kidole kimoja chenye udongo, akifuta matone kwenye kioo kwa ncha ya leso, akisoma kwa sauti kila neno kabla ya kuandika jingine: "Nimefika mimi mwenyewe leo. Liko wazi. Nimeng'oa mizizi nikaona."

"Si kung'oa," katibu alisema. "Umechana kifuko tu."

"Ni kweli," akasema, akafuta, akaanza upya.