Skonzi za Katunge

Katunge alikuja Garissa mwaka wa 1966, bibi arusi wa juzijuzi, na haukupita muda akaniunguzia sufuria. Simlaumu sana. Kwao Kangundo alijua kupika muthokoi, kusonga ugali na kuchemsha chochote kinachochemka, lakini kuoka hakuwahi hata kukuona kwa macho. Basi akaolewa na Kioko, karani wa idara ya mifugo, aliyesoma shule ya misheni akatoka huko na tamaa ya skonzi, vile vimikate vitamu vya duara vya kunywea chai. Zamani lori la mkate lilitufikia. Tangu mashifta, wale waasi wa Kisomali, waanze kutega mabomu barabarani, lori lilikuja likitaka, na mara nyingi halikutaka.

Mimi Aketch nilikuwa jirani yake, mlango kwa mlango, katika nyumba za wafanyakazi wa serikali. Mume wangu alikuwa polisi. Skonzi nilikuwa nimekula nyingi, kuoka sijui. Lakini kipawa cha kumwambia mtu "si hivyo" nimezaliwa nacho, basi nikamsaidia kwa hicho.

Mara ya kwanza alimwagia hamira maji ya kuchemka. Donge la unga likalala kwenye bakuli kutwa nzima bila kutikisika, na vilivyotoka humo Kioko alivitafuna kwa bidii akisema vinaimarisha meno. Mara ya pili akazidisha makaa. Oveni hatukuwa nayo; tulioka kwenye sufuria iliyotiwa mchanga chini, na makaa juu ya kifuniko. Siku hiyo jiko lilifuka mpaka askari wa doria akaja mbio na bunduki yake kuuliza nani amechoma nyumba. Hapo ndipo sufuria yangu ilipokwenda. Kioko alicheka akishika mbavu, Katunge akaingia ndani akafunga mlango.

Watu walimwona mpole, nami nawaambia hakuwa mpole hata kidogo. Alikuwa wa kushindwa kimya kimya na kuzidi kuwa mgumu. Asubuhi Kioko alipoondoka na msafara kwenda Habaswein kuchanja ng'ombe, alimtania mbele yetu sote: "Nikirudi nikute skonzi ya kubonyea, mke wangu, si ya kujengea." Tulicheka. Katunge alimkabidhi mfuko wake wa nguo bila kumwambia safari njema, na najua neno hilo lilimkaa kooni, kwa sababu baadaye aliniambia.

Kisha mvua ikanyesha huko juu. Anayeijua nchi ile anajua kwamba laga, lile korongo la mchanga mkavu unalolivuka bila kuliona, likipata maji huwa mto wenye hasira. Msafara ulipokuwa ukirudi ukazuiliwa ng'ambo. Magari yamesimama mahali pamoja, mashifta wako porini, na maji hayashuki. Mume wangu akitoka kwenye redio ya polisi, Katunge alikuwa tayari amesimama mlangoni kwangu.

"Wamevuka, shemeji?"

"Bado, hawajavuka."

Swali lilikuwa hilo hilo kila asubuhi, na jibu lilikuwa hilo hilo. Alianza kukonda. Mimi nilimwambia Mungu yupo, naye akanijibu kwamba hata yeye anajua Mungu yupo, anachotaka kujua ni maji yako wapi. Basi nikaenda kumchemshia chai bila kuongeza ushauri, jambo ambalo si kawaida yangu.

Aliyemwokoa na mawazo ni Rukiyo, mama aliyetuletea maziwa ya ngamia. Maskini, ili afike kwetu alikuwa akipekuliwa kwenye kizuizi cha askari mpaka ndani ya kibuyu, kwa kosa la kuzaliwa Msomali. Asubuhi moja alimkuta Katunge ameinamia kopo la hamira karibu kulia.

"Unatia maji ya moto?" akauliza Rukiyo.

"Ndiyo. Si inataka joto?"

"Unaua, walaal, dada yangu. Leta hapa. Hii maziwa imetoka kwa ngamia sasa hivi. Joto ya mama kwa mtoto wake, hiyo tu inatosha."

Akamimina maziwa yale juu ya hamira na sukari. Muda si mrefu povu likapanda. Katunge akaliangalia povu lile kama mtu anayesomewa barua kutoka nyumbani. Akakanda kwa samli na iliki, akafunika, na tulipofunua donge lilikuwa limefura hadi ukingoni. Nikalibonyeza kwa kidole, likarudi. Kwa mara ya kwanza tangu msafara ukwame nilimwona anatabasamu, nami nikafurahi kama donge ni langu.

Tulikuwa tunaviringa skonzi, mikono yetu imeshikwa na unga mpaka kwenye viwiko, Mahat alipobisha hodi. Mahat alikuwa tarishi wa ofisi ya kina Kioko, Msomali wa Sangailu, mrefu, mwenye adabu za kuzidi. Alivua kofia akasimama nje ya kizingiti.

"Mama," akasema, "gari ya Kioko imefuka."

Sasa lazima nieleze. Kiswahili cha Mahat kilikuwa na utaratibu wake: p ni b, v ni f. Viazi kwake ni fiazi, vita ni fita. Ukikaa Garissa miezi michache unazoea, unairudisha v mahali pake bila kufikiri, kama unavyotoa jiwe kwenye mchele huku unaongea. Sote wawili tukairudisha. Gari imevuka.

Katunge aliegemea meza. "Una hakika, Mahat?"

"Redio imesema. Wakubwa nangoja kujua fizuri kwanza. Mimi naona si haki wewe kuwa mtu ya mwisho." Akatazama chini. "Bole, mama. Bole sana."

Katunge akacheka, akainua mikono yake iliyojaa unga. "Asante, nimeshapoa. Kazi ndiyo hii, lakini leo inakwenda." Maana kwetu mtu akikukuta jikoni anakupa pole ya kazi, na wewe unaipokea. Mahat alimkodolea macho, akanitazama mimi, akavaa kofia, akaondoka. Nilimwona amekunja uso nikadhani amechoka.

Skonzi zikaiva. Nasema zikaiva, rangi ya hudhurungi, laini, harufu ya iliki ikatoka mpaka majirani wakachungulia. Katunge alipitisha kidole juu ya moja, ikabonyea. Aliosha uso, akajifunga leso mpya, akapanga skonzi kwenye sahani.

"Za kwanza ni za Mahat," akasema. "Aliyeniletea habari njema ndiye atakayeanza. Kioko atazikuta nyingine."

Nikamsindikiza. Mahat alikuwa ameketi kwenye benchi ya veranda ya ofisi, mikono katikati ya magoti. Alipotuona tunakuja na sahani alisimama, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Hii ya nini, mama?"

"Ya kukushukuru. Umeniambia gari limevuka."

Mahat akatikisa kichwa. "Habana fuka ya maji," akasema. Akainua mkono, vidole vimeachana, ukapanda taratibu, taratibu, kupita kichwa chake. "Fuka ya moshi. Bomu, mama. Huko huko kando ya laga. Kioko nakufa. Mimi nasema bole."

Sahani haikuanguka. Watu wanaposimulia husema sahani ilianguka. Mimi nilikuwapo, na Katunge aliishika kwa mikono miwili. Niliyepasuka ni mimi. Nilimfokea Mahat maneno ambayo mume wangu mwenyewe, na upolisi wake, hajawahi kuyasikia kwangu. Nikamwita shifta. Nikamwambia amemchezea mjane, kwamba angeweza kulia, angeweza kukaa chini, angeweza kufanya ishara kama anavyoifanya sasa, asituache tukaoke na kucheka. Makarani wakatoka nje. Askari mmoja alianza kusogea, na siku zile Msomali aliyeelekezewa kidole hakuulizwa maswali mengi.

"Mwache, dada Aketch," Katunge akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Akamgeukia yule askari. "Mwacheni. Hakunidanganya."

"Alisema imefuka," nikamwambia. "Nawe umemsikia."

"Ndiyo, nilimsikia. Siku zote tunamsahihisha Mahat maneno yake," akasema. "Leo alilitamka sawa."