Majani Tuliyoosha na Yaya Faida

Tarehe mbili ya mwezi wa saba, mwaka huu, dada yangu Faida alifariki hapa Kitshanga, katika nyumba hii ninamoandikia. Nilimwita yaya, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Baba alikwisha kutangulia, na mama pia. Kwa hiyo siku ile sikupoteza dada tu. Nilipoteza mtu wa mwisho ambaye ningeweza kumwuliza "unakumbuka?" akanijibu "nakumbuka".

Ninyi mliokua wakati wetu kule juu Kalembe mnajua nyumba zetu zilivyokuwa. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni. Tulikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu moto, tukishushia maziwa yaliyoganda, kisha tukashuka shuleni miguu peku, kila mmoja na kipande chake cha kuni kwa ajili ya mwalimu. Tukirudi tulicheza mpira wa majani ya migomba mpaka ufumuke. Ndani ya nyumba kulikuwa na saloni, chumba cha wageni, chenye viti ambavyo sisi watoto hatukuruhusiwa kuvikalia. Vilifunikwa vitambaa vyeupe alivyovishona mama. Ukikutwa umekaa pale, ulikuwa unaulizwa umetoka kijiji gani, mgeni, na kama utalala.

Na katika saloni ile kulikuwa na maua ya mama. Tuliyaita maua ingawa hayakuwahi kutoa ua hata moja. Ulikuwa mmea wa kutambaa, wenye majani mapana yenye umbo la moyo, kijani chenye mabaka ya manjano. Ulitoka katika kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, ukapanda ukutani kwa misumari na uzi, ukapita juu ya picha ya ndoa ya baba na mama, ukavuka mlango, ukarudi upande wa pili. Mgeni aliingia, akaufuata kwa macho ukuta mzima, halafu ndipo akakumbuka kusalimia. Mama alijifanya haoni.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuoga. Tulianza sisi, kisha maua. Mama alikuwa na neno lake moja, tukiwa kwenye beseni au tukiwa mbele ya ukuta: "Juu ya jani ni ya wageni. Chini njo ya mwenyewe." Akatukunja masikio asugue nyuma yake, kisha akatupa kitambaa tukasugue mgongo wa majani.

Maana huko mgongoni ndiko adui alikolala. Vitabu vinamwita utitiri. Sisi tulisema tubuibui twekundu, kwa sababu wanafuma nyuzi nyembamba kati ya jani na kikonyo. Ni wadogo kuliko chembe ya chumvi. Wakati wa mvua huwaoni. Lakini kiangazi kikija, vumbi la barabara likaingia ndani, na mbabula, jiko letu la makaa, ikakausha hewa ya nyumba, wanaongezeka kama wageni wa arusi. Wananyonya jani mpaka libaki na vitone vyeupe, kama lililochomwa kwa ncha ya sindano.

Mama alitufundisha kuwatafuta kwa sahani ya bati nyeupe. Unaishika chini ya jani, unapiga jani kidogo kwa kidole, unangoja. Vumbi linatulia. Kidudu kinatembea.

Kuosha ilikuwa kazi ya watu wawili. Yaya alisimama juu ya kiti, akainua mmea kwa mikono miwili na kuligeuza jani moja moja. Mimi nilifuata na kitambaa chenye maji ya sabuni, nikafuta upande wa chini, kisha mama akasuuza kwa maji safi ili sabuni isiunguze jani. Wavulana wenzangu walichungulia dirishani wakinicheka.

"We, ukimaliza kuyaogesha, utayavalisha na kaputula?"

Yaya aliwajibu bila kugeuka: "Na ninyi, mama zenu waliwaogesha mwaka gani?"

Walikimbia. Mimi nikaendelea kufuta, kifua mbele.

Tulipomaliza mara ya kwanza tulidhani tumeshinda. Mama akacheka. "Mayai haisikie sabuni. Muache yatoke, tutayakuta Jumamosi." Na kweli tuliyakuta. Jumamosi nyingine tena, na nyingine, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Vita vilipotufukuza Kalembe, magodoro yalibaki, viti vya wageni vilibaki. Yaya alikata kipande cha maua, akakitia katika chupa ya maji, akakifunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Watu njiani walimpisha wakidhani ni mtoto kweli. Mama alipoona ni nini, alikaza fundo la kitenge. Kipande kile ndicho kilichozaa mmea uliozunguka saloni hii ya Kitshanga.

Mimi niliondoka nikaenda kulima Kibua, nikaoa huko, nikafiwa na mke huko. Yaya alipofariki nilikuja kwa pikipiki, nikafika vumbi tupu, nikakuta saloni imejaa wanawake kwenye mikeka.

Katika ukoo wetu, siku za matanga nyumba haifagiliwi, moto wa saloni hauzimwi, na kitu ambacho marehemu alikuwa anakitunza kwa mkono wake hakiguswi mpaka matanga yavunjwe. Siidharau desturi hii. Inampa mtu nafasi ya kuondoka polepole. Lakini kilikuwa kiangazi, na mbabula ilikuwa imewekwa chini ya maua kabisa.

Siku chache baadaye niliona vitone vyeupe. Kisha majani yakaanza kupauka na kujikunja.

Shangazi, dada ya baba, ndiye aliyekuwa mkubwa wa matanga. Alitazama ukutani akatikisa kichwa. "Munaona? Maua iko nalilia mwenyewe yake."

"Inataka kumufuata," mwingine akasema, na wanawake wakaanza kulia upya.

Mimi nilisogea nikainamia jani. Chini yake nyuzi zilikuwa zimetanda.

"Shangazi," nikasema, "hii si kilio. Ni tubuibui twekundu. Yaya alikuwa anayaosha."

"Mutoto wangu, najua alikuwa anayaosha. Njo maana hatuwezi kuyaosha. Mukono yake ingali iko pale."

Niliachia jani. Ule mkono ndio niliotaka mimi pia ubaki.

Jirani, Mama Riziki, alitaka kunisaidia. Kwa kuwa kumwaga majivu si kuosha, alichota majivu akayanyunyiza juu ya majani, kama tunavyofanya kwenye maharage shambani. Mmea ukawa mweupe kama mzee. Lakini majivu yalikaa juu, na tududu tulikaa chini, na ukavu ukazidi. Kesho yake majani mengine yalianguka kwenye mikeka. Mama Riziki aliyaokota, akanitazama kwa huruma, nami nikamshukuru kwa sababu alikuwa amekusudia mema.

Jioni moja shangazi aliniona ninautazama ukuta. Akasema: "Mbabula, unaweza kuisogeza. Mbabula haikuwa yake, tuliiazima."

Niliisogeza mpaka mlangoni. Wanawake walilalamika baridi, shangazi akawaambia wajifunike.

Matanga yalipovunjwa, tulifagia, tukamwaga maji, tukagawana nguo. Kisha kila mtu akarudi kwake. Binti ya yaya, Neema, alirudi Goma kwenye biashara yake, akaniomba nikae hapa nilinde nyumba. Alinipigia simu kuuliza habari, nikamweleza juu ya maua.

"Mujomba, tupilia mbali iyo kitu. Nitakutumia ya plastiki. Iko muzuri, haitaki maji, haitaki mutu."

"Na vumbi je?"

"Unapuliza tu, mujomba!"

Nilicheka naye. Watoto wa leo wana moyo mzuri. Ila wanataka vitu visivyotaka mtu, halafu wanashangaa jioni kwa nini nyumba iko kimya. Sisi tulikuwa na maua yaliyotudai kila Jumamosi, na mama aliyetukunja masikio, na wavulana wa kutucheka dirishani. Hatukujua kwamba kudaiwa hivyo ndiko kuwa na watu.

Niliposimama juu ya kiti na kitambaa changu, ndipo nilipoelewa kuwa nina mikono miwili tu. Nikiinua mmea, sina mkono wa kufuta. Nikifuta, mmea unaning'inia na kukatika. Mwishowe niliufunga kwa kamba kwenye mgongo wa kiti. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kukauka. Nilikata yote iliyokufa, nikaichoma nje ili tududu tusihamie kwingine. Kwenye kopo kikabaki kipande cha urefu wa mkono wangu, chenye majani machache. Nikasuuza majivu. Nikaosha kwa sabuni, chini na juu, nikasuuza tena. Nikakiweka mbali na moto, karibu na dirisha. Nikangoja mayai yatoke, nikaosha tena.

Siku za kungoja ndizo zilizokuwa ndefu. Nilikuwa najaribu kukumbuka kiti alichosimamia yaya kule Kalembe, kama kilikuwa cha bluu au cha kijani. Nakiona kina rangi zote mbili. Wimbo aliouimba akigeuza majani, nina mwanzo wake, mwisho sina. Zamani ningemngoja arudi sokoni nimwulize, naye angenicheka kwa kusahau. Sasa nikisema kilikuwa cha bluu, hakuna wa kunibishia, basi kinakuwa cha bluu. Hilo linaniumiza kuliko kusahau.

Jumamosi iliyopita niliosha mara nyingine. Majani yalipokauka nikaleta sahani nyeupe, nikapiga kila jani kwa kidole. Vumbi kidogo lilianguka, likatulia. Nilingoja mpaka macho yakatoa machozi. Hakuna kilichotembea. Na kwenye kikonyo, mahali nilipokuwa nimekata, palikuwa na ncha mpya ya kijani iliyojikunja kama karatasi.

Nikapaza sauti: "Yaya! Njoo uone!"

Ng'ambo ya ua, mchi wa Mama Riziki ukasimama kinuni.

"Papa? Uko naita nani?"

Nilibaki na sahani mkononi.

"Hakuna mutu, mama," nikasema.

Kisha nikamsikia anaendelea kutwanga majani yake ya sombe.