Nyumba ya Hani

Kazi yangu ni kuongea. Naitwa Fardosa, nimeajiriwa na shirika moja mjini Garissa, na kila mwezi nasimama mbele ya akina mama, karatasi zangu kubwa zikiwa zimebandikwa ukutani, nikiwaeleza haki zao. Wakiniuliza mfeministi ni mtu wa namna gani, jibu ninalo, tena nimelipanga vizuri, na nikilimaliza napigiwa makofi. Lakini nikikaa na mtu nisiyemficha kitu, namwambia aachane na karatasi zangu, aende Sangailu amwulizie Weris.

Weris ni mdogo wake mama yangu, kwa hiyo namwita habaryar. Hajui kusoma. Lakini mdomo anao! Hugombana na mbuzi, hugombana na jua, hugombana hata na redio. Siku moja nilimwambia kwamba mwanamke kama yeye ndiye anayeitwa mfeministi, akaniuliza kama neno hilo linateka maji. Kisha akaniambia nipunguze maneno, nimshikie kamba.

Alikuwa anatengeneza nyumba. Kwetu mwanamume akioa huleta mifugo, lakini nyumba huletwa na mke. Fito, kamba, mikeka ya kuezekea, vyote hivyo huandaliwa na mama wa bibi harusi pamoja na wanawake wa kwao, na nyumba ikishasimama ni mali ya mke. Mume atalala humo, atakula humo, atakaribisha wageni humo, lakini hata kijiti kimoja si chake. Hilo kila mtu analijua, ila hutajwa kwa mzaha tu siku ya harusi, halafu husahaulika. Hani, binti pekee wa Weris, alipoposwa na kijana aitwaye Guleid, habaryar alisuka mikeka mwaka mzima mpaka vidole vikapasuka.

Guleid alianza kumpiga Hani kabla mtoto wao hajaota meno. Mara ya kwanza Hani alikimbilia kwao jicho limevimba. Wazee wakakaa kikao, wanaume watupu kama kawaida yao, wakaamua Guleid atoe mtamba mmoja kwa mzee Bishar, baba yake Hani, na Hani arudi kwa mumewe. Bishar akampokea ng'ombe, Hani akarudi. Mara ya pili lilitoka jino. Wazee wakakaa tena, Guleid akapewa onyo, Hani akarudi tena. Wiki hiyo alinipigia simu akilia. Na mimi, mwenye karatasi ukutani, nilimwambia nini? "Vumilia, mdogo wangu, mtoto bado mchanga." Wallahi, ndivyo nilivyosema. Nilikuwa naingia kwenye mkutano.

Mara ya tatu ulikuwa mkono. Nilikuwa Sangailu kwa ajili ya Idd, nikamwona kwa macho yangu akija kwa miguu, mtoto mgongoni, mkono umening'inizwa kwa mtandio. Bishar akasema atawaita wazee. Weris hakusema kitu, na hapo ndipo nilipoogopa, maana sijawahi kumwona habaryar akinyamaza.

Kesho yake asubuhi, wanaume walipokwenda kunywesha ng'ombe, alikusanya wanawake sita na punda wanne, akashika njia ya kwa Guleid. Nikamfuata mbio mpaka kwenye nyumba ya Hani.

"Habaryar, wazee watasema nini?"

"Wameshasema mara mbili," akanijibu bila kugeuka. "Leo wanasema wenye nyumba. Shika fundo hilo, fungua."

Walianzia juu. Mikeka ikashuka, kamba zikafunguliwa moja moja bila kukatwa, fito zikang'olewa ardhini. Tulipokuwa katikati ya kazi, mama yake Guleid alitoka kwake akasimama akitutazama. Nikajua leo ni ugomvi. Yule mama akaja polepole, akashika upande wa pili wa mkeka mzito, akatusaidia kuukunja, kisha akarudi kwake. Mpaka leo nikikumbuka natokwa na machozi.

Vitu vya Guleid hatukuvigusa kwa ubaya. Weris alivipanga chini kwa adabu: msala, vikoi vyake viwili, bakora, chupa ya chai, redio. Akafagia na vumbi. "Asije mtu akasema sisi ni wezi," akasema, tukaondoka na nyumba nzima juu ya punda wetu.

Guleid alirudi saa sita akiwa na wageni wawili kutoka Masalani, aliowaahidi chai. Akawakaribisha wapi? Redio ilikuwa juani! Sangailu nzima ilicheka mpaka basi. Siku tatu alilala kwa marafiki, maana mama yake alimwambia kwake hakuna nafasi. Na mwanamume wa kwetu asiye na pa kumweka mgeni, hata salamu yake hupungua uzito.

Siku ya nne wazee walikuja kwa Bishar, Mzee Shurie akiwa msemaji wao, Guleid nyuma yao. Walimkuta Weris ameshakaa mkekani. Hakuna aliyemwita, na hakuna aliyepata neno la kumwondolea.

"Weris, rudisha nyumba ili watoto warudiane," Mzee Shurie akasema.

"Nyumba ni ya nani?" habaryar akauliza.

Wazee wakatazamana. Walijua mila vizuri kuliko mimi na vyeti vyangu.

"Ni ya binti yako."

"Basi sijachukua cha mtu. Na mtamba wenu yule pale, mchukueni, simtaki bomani mwangu." Bishar aliinamisha kichwa, hakumpinga. "Mmekaa mara mbili mkiuzungumza mwili wa mwanangu. Mmeniuliza mimi? Haya, mimi niacheni. Mmemuuliza yeye?"

Mzee Shurie si mtu mbaya, nitasema haki yake. Alijikuna ndevu, akageuka taratibu mpaka akamwona Hani aliyekaa mlangoni na mtoto wake.

"Hani, wewe unataka nini?"

Hani ana miaka ishirini na miwili. Hata siku ya nikaha yake, aliyejibu kwa niaba yake alikuwa baba yake. Hani aligeuza kichwa. Akanitazama mimi, na nikajua anakumbuka nilivyomjibu kwenye simu. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akaacha kunitazama.

"Sirudi," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, na mzee mmoja mwenye masikio mazito akamwomba arudie. Akarudia, safari hii akimwangalia Guleid usoni, na Guleid ndiye aliyetazama chini. Kabla ya sala ya alasiri alikuwa ametamka talaka mbele ya mashahidi. Habaryar Weris alilia kwa sauti kubwa, pale pale katikati ya wanaume, na hakuna mzee hata mmoja aliyemwambia anyamaze.