Wavu wa Chuma Shingoni mwa Papa

Papa, baba yangu mzazi, alikuwa anakufa kidogo kidogo, na kila mara kanisa lilimpigia makofi.

Tulikimbia Kivu Kusini, Kongo, mwaka 1996 nikiwa mgongoni mwa mama. Siku ninayoisimulia nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Mbarara na kurudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi huku Uganda, bila kazi, nina maswali tu. Papa alikuwa anapukuchua mahindi. Ghafla mkono wake wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakamtoka kama mtu anayetafuna pamba. Mama akapiga yowe. Mchungaji akaja mbio na chupa ya maji ya upako, wakaomba, na baada ya muda mfupi mkono ukarudi. Haleluya! Jumapili papa akasimama mbele kushuhudia.

Mwezi uliofuata yakatokea yale yale, na ushuhuda ukawa ule ule. Nikauliza ni muujiza gani huu unaohitaji kurudiwa. Nikaambiwa shule imeniharibu. Jirani yetu naye, aliyejua kwamba wakimbizi wagonjwa sana huhamishiwa ng'ambo, alikuwa na hesabu zake: "Musimuponeshe mbio. Ugonjwa kama hiyi inapelekaka batu Canada."

Nilimpeleka papa Mbarara kwa kubishana njia nzima. Daktari akampitishia kipimo shingoni.

"Mzee, hii mushipa ya kupeleka damu kwa kichwa imekuwa ndogo sana. Hiyo mukono kulala na kuamuka, hapana kupona. Ni onyo."

"Umesikia, papa?"

"Nimesikia. Uko unafurahi?"

Mjomba aliyehamia Norwe alilipa, papa akatibiwa Nairobi. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani hadi shingoni, wakapanua palipobana kwa puto dogo, kisha wakaacha pale kibomba cha wavu wa chuma kishikilie njia wazi. Niliwauliza mpaka wakachoka. Wavu wenyewe unaweza kuleta kiharusi? Unaweza, wakasema bila kuficha. Kwa hilo tu niliwaheshimu. Kisha wakamkazia papa: dawa mbili za kuzuia damu isigande, kila siku. Ukiziacha, damu itagandia kwenye chuma na mshipa utaziba kabisa.

Jambo rahisi, isipokuwa kwetu. Kanisani kwetu aliyeponywa huziacha dawa zake madhabahuni. Anayeendelea kumeza anamwita Mungu mwongo. Pale mbele kulikuwa na kapu lililojaa vidonge, magongo, na miwani ya watu ambao Jumatatu hawakuiona njia ya shambani.

Jumapili ya shukrani papa aliitwa mbele.

"Shusha muzigo, papa!" mchungaji akapaza sauti. Ngoma zikapigwa. Papa, shemasi tangu siku zile za mahema, akatumbukiza pakiti zote mbili kapuni.

Nilikwenda mbele nikazitoa.

"Mutoto wangu!" mama alilia. "Usitupatishe haya mbele ya batu!"

"Afadhali haya, mama."

"Kijana," mchungaji akaniinamia, "unataka kusema Mungu ameshindwa?"

"Nasema chuma hakijui kama leo ni Jumapili."

Kuna aliyecheka nyuma, akanyamazishwa. Papa alinitazama, akamtazama mchungaji, kisha akanyoosha mkono, ule wa kulia.

"Leta."

Nilidhani atazirudisha kapuni. Nikampa. Akabonyeza kidonge kimoja, na kingine, akanyakua chupa ya maji ya upako juu ya mimbari, akavimeza mbele ya wote.

Mchungaji alikodoa macho, lakini huyo hajawahi kukosa maneno. "Munaona!" akapaza sauti. "Maji ya upako inabariki mupaka dawa!" Ngoma zikarudi kwa kishindo.

Tangu siku hiyo watu wanakuja na vidonge vyao vya presha na vya sukari, wavimeze kwa maji hayo. Mchungaji anahubiri kana kwamba wazo lilikuwa lake. Maji yenyewe yanachotwa ziwani kwa jerikeni, na hakuna aliyewahi kuyachemsha, kwa kuwa upako, nimeelezwa, unaua vijidudu.

Ninayo mengi ya kusema juu ya hilo. Ila papa bado anameza dawa zake kila siku, na bado anapukuchua mahindi kwa mikono miwili. Kwa hiyo ninanyamaza, na kila Jumamosi ninakwenda kanisani na sufuria kumchemshia mchungaji maji yake ya upako.