Baba Alipofua Mitego ya Mbung'o

Kando ya mto wetu kule Abuku, watu wa serikali walichomeka vijiti vyenye vitambaa vidogo vya buluu. Mbung'o hupenda buluu. Akitua kwenye kitambaa anapata dawa iliyopakwa pale, anakufa, na malale yake, ule ugonjwa wa usingizi, yanaishia hapo. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea kijijini, kwa hiyo ilikuwa kazi yangu kuwaeleza watu habari hiyo na kuwaomba wasiviguse. Nilieleza msikitini, nikaeleza kanisani, nikaeleza hata sokoni kwa watu waliokuwa na haraka ya samaki. Baba alihudhuria mikutano mingi na kuitikia kwa kichwa. Ni mwanajeshi mstaafu, na kumbe alikuwa ameamini kwamba katazo lile linawahusu raia.

Nilikuja kugundua siku moja nilipotoka Koboko mjini. Uani kwetu, kwenye kamba ya nguo, vitambaa vya buluu vilikuwa vimeanikwa kwa mstari ulionyooka, visafi kuliko sare za shule. Baba alikuwa amekaa kando yake na redio, akivilinda dhidi ya mbuzi.

"Baba, hivi vilikuwa na dawa," nilimwambia.

"Najua. Ilikuwa inanuka. Nimetoa yote."

"Nani alikuambia uvifue?"

"Mali ya serikali haiwezi kukaa na matope. Mkubwa akipita leo, atasema nini?"

Nilimuuliza ni mkubwa gani anayepita Abuku kukagua vitambaa. Akasema ndiyo maana jeshi lilimpenda yeye na halikunipenda mimi. Nikaambiwa baadaye kwamba alikuwa akifanya hivyo kila Ijumaa kabla ya swala, tangu mvua za kwanza. Majirani walimwona akivichukua na kuvirudisha. Hawakuuliza, kwa sababu alivirudisha vikiwa vimepigwa pasi, na mtu anayepiga pasi kitu cha serikali lazima awe ametumwa.

Nilitoa taarifa. Niliona aibu sana, na hasira kidogo, kwa sababu nilikuwa nimewahubiria watu wa mbali nikamwacha wa nyumbani. Vitambaa vipya vikaletwa, na watu wa maabara wakaja kupima damu kwenye nyumba zilizo karibu na mto. Yetu ndiyo ya karibu zaidi.

Hapo nikaanza kuogopa kwelikweli. Baba alikuwa akisinzia mchana. Alisinzia na chai mkononi, alisinzia katikati ya taarifa ya habari, mara moja alisinzia akinigombeza. Nilipomwambia nahofia ana malale, alikataa kupimwa. Alisema askari halali akiwa zamu. Mama ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka, akisema, "Mzee, twende. Mimi pia natoa damu, sisi wawili." Siku hizo Mama alikuwa na maumivu ya kichwa na homa za kuja na kuondoka. Aliyaita uzee, nasi tukamwacha aite hivyo.

Majibu yalikuja. Baba hana kitu. Mtaalamu wa maabara alisema anasinzia kwa sababu ni mzee na anakula sana mihogo mchana. Mama ndiye aliyekuwa na vimelea.

Baba alisimama. Akasema mashine imekosea, kwa sababu Mama si mtu wa kukaa mtoni.

"Maji ya kufua ile vitambaa yako," Mama akamwambia, "nani alikuwa nabeba?"

Baba hakufulia mtoni, maana mali ya serikali hufuliwa kwenye beseni, nyumbani, kwa maji mengi. Kila Ijumaa Mama alikuwa anashuka mtoni zaidi ya mara moja, akipita kwenye vijiti vitupu, ili maji ya kutosha yafike uani ya kuondolea dawa.

Tulimpeleka Arua hospitali. Walisema tumewahi, ugonjwa haujafika kichwani, vidonge vitatosha, ila anywe akiwa ameshiba. Mimi nikabaki kumlisha. Kula kwa amri kulimchosha Mama kuliko ugonjwa.

Baba alikuja kumwona akiwa amevaa suruali yenye matope hadi magotini. Sijawahi kumwona na matope. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, shingo imemkaza, hawezi kugeuka vizuri.

"Nyumbani maji iko?" Mama akamuuliza.

"Iko."

"Nani naleta?"

"Mimi."

"Na baiskeli?"

"Na kichwa."

Mama akamwambia aache, amlipe kijana fulani wa pale jirani, kwa sababu saa zile za mchana mbung'o ni wengi na watamuuma.

"Waache wanitafute mimi," Baba akasema, akampa uji.