Shemeji Amebandika Kichwa cha Mke Mpya kwa Mwili wa Marehemu Dada Yangu

Admin, nifiche tafadhali, kwa sababu shemeji yangu pia anafuata hii page. Majina yote nimebadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, naishi mtaa wa Nyalenda na nauza nguo za mitumba. Kupiga picha ni kitu napenda tu. Sina kamera, natumia simu, lakini watu huniita kwa birthday na harusi ndogo ndogo kwa sababu picha zangu hutoka safi.

Dada yangu Achieng alifariki mwaka juzi baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tulimzika kwa mume wake, kijijini Pap Onditi. Aliacha wasichana wawili. Mkubwa ni Awuor, sasa yuko darasa la nne. Mdogo ni Akoth, ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya, kwa hivyo hamkumbuki mama yake kabisa.

Kabla Achieng hajaanza kuugua, nilimpiga picha na watoto wake pale Dunga, kando ya ziwa, Jumapili moja tukitoka kanisani. Amekaa kwa benchi na gauni yake ya kitenge ya manjano, amempakata Akoth, na mkono mmoja ameuweka kwa bega la Awuor. Huo mkono ulikuwa na kovu la mafuta, kwa sababu alikuwa anakaanga samaki na kuuza. Hakuna picha nzuri kuliko hiyo nimewahi kupiga.

Baada ya mazishi, shemeji aliniomba nimfunze kurekebisha picha. Yeye ni fundi wa viti na alitaka kutangaza kazi yake mtandaoni. Nilimfunza vizuri, kwa roho safi. Nilimwonyesha asimame mwanga ukiwa nyuma yake, akate pembeni pasipohitajika, afute takataka kwa kidole, na achomoe kitu kwa picha moja akiweke kwa nyingine. Alishika haraka. Kochi lilikuwa kwenye vumbi la karakana, yeye analiweka kwa sebule yenye zulia. Tulikuwa tunacheka.

Halafu akamwoa Mercy. Sikuwa na shida na hiyo, watoto walihitaji mtu. Nilipoenda kuwatembelea nikapata picha kubwa imewekwa fremu juu ya televisheni. Ile ya Dunga. Gauni ya manjano, watoto wale wawili, benchi ile ile. Lakini kichwa ni cha Mercy.

Jamani, nikaisogelea. Mercy ni mweupe kuliko dada yangu, kwa hivyo shemeji alikuwa amepaka shingo rangi ndiyo ifanane, ikatoka kama ya mtu aliyenyongwa. Hereni ya Achieng hakuifuta, ilikuwa inaning'inia hewani chini ya sikio la mwingine.

Nikamuuliza, "Shemeji, hii ni nini?"

"Ni picha ya familia."

"Huu ni mwili wa dada yangu."

"Ni picha tu. Unataka watoto wakae wakililia mtu hayuko? Na wewe mwenyewe ndiyo ulinifunza."

Akaketi akaendelea kula samaki, anatoa miiba mdomoni, anaitazama hiyo picha bila wasiwasi. Akoth akainyooshea kidole akaniambia, "Aunty, ona mama alikuwa amenibeba."  Awuor aliponisindikiza nje, mbali na baba yake, ndiyo akaniambia kwa sauti ya chini, "Ule mkono ni wa mama. Mimi naujua."

Mercy akatufuata mpaka kwa geti. "Aunty, usinichukie," akasema. "Nilimwambia tupige yetu. Akasema hii iko sawa, watoto wamekaa vizuri. Mimi nikikula huwa nimeipa mgongo."

Nilidhani uchafu umeishia hapo. Wiki hii shemeji amenipigia simu. Jumamosi kuna maombi ya kumkumbuka Achieng huko Pap Onditi, na mchungaji anataka picha yake kwa bango. Shemeji alifuta zote alizokuwa nazo. Ati anitumie ile ya fremu, nirudishe kichwa cha Achieng.

Hivyo ndivyo alivyosema. "Rudisha tu kichwa yake."

Nikamwambia sina haja ya hiyo kitu yake, ninayo ya kwanza vile nilivyoipiga. Akasema, "Sawa, tumia hiyo. Lakini hata hiyo, watoto uwatoe, abaki peke yake. Watu wa kanisa wameshaona ile ingine; gauni hawataikumbuka, lakini wakiona watoto wamekaa vile vile wataanza kulinganisha. Ukileta na watoto ndani, hapa kwangu usikanyage tena. Hao wasichana utakuwa unawasikia kwa watu."

Nimejaribu. Nimefungua ile picha kwa simu na nikaanza kumfuta Akoth. Miguu yake ikapotea, halafu tumbo, na mkono wa dada yangu uliompakata ukabaki umekunjwa, umeshika hewa. Nikatupa simu kitandani, nikaenda kunawa mikono kwa sabuni kama mtu aliyeshika kitu kilichooza.

Nikipeleka picha nzima, Akoth atamwona mama yake mbele ya watu wote, na mimi nitafungiwa mlango. Nikiwatoa, nitaendelea kuwaona, lakini nitakuwa nimefanya kazi ya shemeji kwa mkono wangu. Leo Awuor amenipigia na simu ya Mercy. Ameniuliza kitu kimoja tu: "Aunty, unaleta ile yenye sisi tuko?" Nikamwambia nitampigia baadaye.

Mwenye kuchapisha bango anaingoja picha kesho. Nyinyi mnaosoma hapa, hasa mliolelewa bila mama, niambieni nimpelekee ipi.